Miche Arobaini ya Nyemo

Mche wa wengi hufa kwa maji. Ndivyo mwalimu wa mdahalo alivyosema mchana ule, alipowakuta wanafunzi sita wa kidato cha pili wamemzunguka mwenzao Sechelela, kila mmoja akimrekebishia hotuba yake ya mashindano. Alisema hivyo tu, akaondoka zake. Wale sita wakaenda jikoni wakicheka kwamba mwalimu ameteleza ulimi. Bila shaka alitaka kusema hufa kwa kiu.

Bibi Matika akawasikia. Alikuwa amepika katika shule hiyo ya Mlowesha kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuja kuonja mboga ya mpishi mpya na kuitafutia kasoro. Akawasukumia ungo wa maharage, maana hakupenda kuwasimulia watu waliokaa mikono mitupu.

"Hakuteleza," alisema. "Msemo huo ulizaliwa hapa hapa, nyuma ya ukuta huu, na aliyeuzaa alikuwa na umri wenu. Chambueni, na mawe myatoe yote, sitaki mtu avunjike jino. Mwanzo wake ulikuwa huu."

Siku hizo shule haikuwa na bomba. Kila mwanafunzi alikuja asubuhi na kidumu cha lita tano, na asiye na kidumu hakupita getini. Maji hayo yalikuwa ya kunywa, ya kunawa na ya kudekia madarasa, na yaliyobaki jioni sheria yake ilikuwa moja: yanamiminwa kwenye pipa la jikoni. Kuyarudisha nyumbani ulikuwa uchoyo, na kuyamwaga chini ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mtoto wa Mlowesha angeweza kusamehewa kuvunja sahani, si kumwaga maji. Kwa hiyo hapakuwa na mtu, mkubwa kwa mdogo, aliyewahi kufikiri kwamba maji yanaweza kudhuru kitu.

Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, zilikuwa siku za klabu. Palikuwa na kwaya, mdahalo, skauti, mpira wa wavu, na mwisho kabisa wa orodha, Mazingira. Msichana mmoja wa kidato cha pili, Nyemo Chibago, alizipitia zote. Kwenye kwaya mwalimu alimwomba kwa upole awe anachezesha midomo tu. Kwenye mdahalo alisimama, akasema "Ndugu mwenyekiti," na hotuba ikaishia hapo. Skauti walimfundisha kufunga fundo, akalifunga pamoja na kidole chake, ikabidi kamba ikatwe kwa kisu. Kwenye wavu, mpira wake wa kwanza aliupokea kwa pua. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa tu hajapata pa kukaa.

Mazingira ndipo alipopapata. Mlezi wa klabu, Mwalimu Chiloje wa jiografia, alimpa mbegu za papai na viriba arobaini, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche, akamwonyesha kitalu nyuma ya jiko. Wakati huo walikuwa wanachama watatu. Kisha timu ya wavu ikapata jezi mpya, na wavulana wawili, Masinga na rafiki yake, wakahamia huko bila hata kuaga. Akabaki Nyemo peke yake.

Mkuu wa shule, Mwalimu Lugendo, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yanayohesabika. "Klabu ya mtu mmoja si klabu," alimwambia. "Mahafali ya kidato cha nne ni mwezi wa kumi. Siku hiyo nionyeshe kazi mbele ya wazazi. Nisipoiona, kipande hicho tunapanulia uwanja wa wavu, na wewe utafute klabu nyingine."

Nyemo aliitikia, "Sawa, Mwalimu," akarudi kitaluni. Klabu nyingine ipi? Zote zilikuwa zimekwisha kumtoa, moja baada ya nyingine, kwa upole ule ambao huuma kuliko fimbo.

Mbegu ziliota zote arobaini, na Nyemo akafurahi mpaka akashindwa kula. Kila asubuhi kabla ya kengele alimwagilia kila mche nusu kopo, kama alivyoelekezwa. Saa za klabu alikwenda kuchota samadi kwenye zizi la mzee mmoja jirani na shule, akairundika humo humo zizini, kisha akakata njia moja kwa moja kwenda kwao ng'ambo ya korongo, kwa maana kwao ni mbali. Jioni kitaluni hakuwepo.

Alhamisi moja akakuta miche mitatu imelala. Shingo zake, pale shina linapokutana na udongo, zilikuwa zimesinyaa na kuwa kahawia. Nyemo akafikiri ni jua, akaongeza maji. Jumamosi mitano mingine ikalala. Akaongeza tena. Alipogusa udongo ulikuwa mbichi, tope kabisa, na hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kumzunguka. Mche uliosimama kwenye tope unakauka vipi?

Mwalimu Chiloje alipoona alimwuliza, "Unamwagilia kweli, Nyemo?"

"Namwagilia, Mwalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku, na siku hizi kopo zima."

Mwalimu akakuna kichwa, akasema labda ni upepo. Wakajenga uzio wa nyasi. Ikafa sita. Nyumbani bibi yake akasema hilo ni jicho la mtu, akamfungia kitambaa chekundu akitundike kitaluni. Nyemo akakitundika, ingawa hakujua kama anaamini au haamini. Ikafa minne. Akaondoa kitambaa, ikafa miwili. Akakirudisha, ikafa minne mingine. Kila alilofanya lilionekana kuwa kosa, na kila alilolifuta lilionekana kuwa kosa zaidi, hata akawa anaamka asubuhi asijue aanze na mkono upi. Wenzake walipomwona anapita na kopo lake, uso umemshuka, waliacha mazungumzo wakamtazama kwa huruma.

Mwishowe akaamua jambo moja: hatamwagilia siku mbili, aone. Jumatano asubuhi hakumwagilia. Alhamisi alfajiri akaja mbio, akatia kidole kwenye kiriba cha kwanza, kikazama kwenye tope. Udongo ulikuwa umelowa kuliko alivyouacha.

Nyemo akachuchumaa pale. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa nne. Yeye hakutia hata tone. Maji yametoka wapi? Akaona jibu ni moja tu, nalo lilimtisha. Yametoka chini.

Alipomwambia Mwalimu Chiloje, mwalimu alikuwa wa jiografia, na mwalimu wa jiografia ukimtajia chemchemi katika nchi kama Mlowesha hawezi kubaki amekaa. Akaleta jembe na sururu. Alhamisi na Ijumaa asubuhi wakachimba kando ya kitalu mpaka shimo likamfika Nyemo kifuani, na walichopata kilikuwa vumbi kavu kama unga wa mtama. Mwalimu akapangusa jasho, akasema jiolojia ni elimu pana. Sasa Nyemo alikuwa na miche kumi na sita, shimo, na kichwa kisichokuwa na wazo hata moja lililosimama.

Jumatano iliyofuata hakwenda kwenye samadi. Alibaki kulifukia shimo, akachoka upesi kwa sababu alikuwa analia, akashuka ndani yake akakaa. Alikuwa humo filimbi ya kumaliza klabu ilipolia.

Akasikia miguu. Walikuwa wasichana wa kwaya. "Maskini Nyemo," mmoja alisema, "miche yake inakauka." Vidumu vikafunguliwa, maji yakamiminwa, wakaondoka haraka. Kabla hajaelewa alichosikia, wakaja watu wa mdahalo, wakamimina wao. Kisha skauti. Kisha Masinga na timu ya wavu. Kisha mlango wa jiko ukafunguliwa, akatoka mpishi, Mama Matika kama Bibi alivyoitwa siku hizo, na beseni la maji ya kuoshea mchele, akayagawa kiriba kwa kiriba huku akiguna kwa huruma.

Nyemo akainuka. Kichwa na mabega tu ndivyo vilivyotokeza, vumbi mpaka kope, na Mama Matika nusura aangushe beseni.

"Mnafanya nini?" Nyemo aliuliza.

Masinga alikuwa bado karibu. Akakificha kidumu nyuma yake. "Tulikuacha peke yako," alisema. "Tukaona angalau tukusaidie maji. Kidogo tu."

"Kila Jumatano?"

"Na Ijumaa. Lakini ni kidogo."

"Na kwaya nao kidogo. Na mdahalo, na skauti." Nyemo alikuwa anahesabu kwa vidole vyenye tope. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Tungesemaje? Yanayobaki ni ya pipa. Mkuu akijua tumeyapeleka kwingine, hakuna klabu itakayopanda jukwaani siku ya mahafali." Masinga akatazama viriba, kana kwamba anaviona mara ya kwanza. "Sisi tulidhani ni sisi tu."

"Hata mimi nilidhani ni mimi tu," alisema Mama Matika.

Nyemo akang'oa mche mmoja uliolala, akawaonyesha mizizi. Ilikuwa imeoza, inanuka. Walisimama wakiitazama wote watatu, na hakuna aliyelaumu mtu, kwa sababu haikujulikana alaumiwe nani. Aliwaomba mambo mawili: habari ziwafikie wengine wote kwamba wasimwagie tena hata tone, na wasimwambie mkuu. Kwaya ilikuwa imejizoeza wimbo wake tangu mwezi wa saba. Hakutaka wafungiwe kwa ajili ya wema.

Siku ya mahafali ilisalia miche saba, lakini hiyo saba ilisimama vizuri. Mwalimu Lugendo aliwazungusha wazazi kazi za klabu zote, na kwa kuwa Mazingira ilikuwa mwisho wa orodha, wakaishia kitaluni, wanafunzi nyuma yao.

"Mwezi wa nane niliona miche arobaini," alisema mkuu. "Leo naona saba. Nini kimeua mingine?"

"Maji, Mwalimu."

Wazazi wakacheka. Mzee mmoja akanong'ona kwamba jua limemwingia mtoto kichwani. Mlowesha hata kichaa hakusema kitu kinakufa kwa maji.

"Uliyamwaga wewe?"

Nyemo akapima. Akisema ndiyo, ni uzembe wake na klabu imekwisha. Akisema hapana, ataulizwa ni nani, na wenzake hawatapanda jukwaani. Alitafuta njia ya katikati, na kwa jinsi alivyovurugika hakuiona. Akasema tu kile kilichokuwa kweli.

"Mche ulikuwa wa wengi, Mwalimu. Umekufa kwa maji."

"Wengi gani? Klabu yako ina mtu mmoja."

Hapo Mama Matika akasogea kutoka mlango wa jiko, mwiko bado mkononi. "Mkuu," alisema, "yanayobaki ni ya pipa, na pipa ni la jiko langu. Kama kuna aliyeibiwa maji ni mimi, na mimi sina mashtaka. Tena beseni la maji ya mchele lilikuwa langu."

Masinga akanyoosha mkono. "Na wavu, Mwalimu." Msichana wa kwaya akanyoosha wake, na jirani yake, na skauti, wengine wakiwa wamevaa tayari sare za jukwaani. Mwalimu Lugendo, kama ilivyokuwa kawaida yake, akahesabu. Alihesabu taratibu, kwa kidole, akakosea, akaanza upya.

"Arobaini na saba," alisema. "Nami nilikuwa nafunga klabu kwa kukosa watu."

Hakufungia mtu jukwaa. Ila alitoa amri ambayo ipo mpaka leo: kitaluni kuna kopo moja, linakaa kwa mtunza miche, siku hizo Nyemo, na anayetaka kumwagilia amwombe kwanza. Wiki iliyofuata waliokuja kuliomba walikuwa wengi, na Nyemo, ambaye hakuwahi kufika mbali ya "Ndugu mwenyekiti," akawa anawaambia bila kigugumizi ni mche upi na kiasi gani.

Bibi Matika akakomea hapo, akachungulia ungo.

"Bibi," mmoja wa wale sita aliuliza, "ulipoona mizizi ile ulijisikiaje?"

"Vibaya. Mpaka leo. Ungenikuta nimeua kwa ubaya ningetubu, yakaisha. Kuua kwa huruma hujui utubu nini." Akaondoa jiwe walilolipita. "Huyo Sechelela mliyemtaja, leo mmemwambia nini?"

Wakatazamana. Mmoja alimwambia apaze sauti, mwingine apunguze. Mmoja aliondoa mwanzo, mwingine akaongeza mwanzo mwingine. Kila mmoja alisema lake, dogo tu.

"Na yeye alifanyaje?"

"Alikuwa analia," alisema wa mwisho, polepole. "Tukadhani ni woga wa mashindano."

Bibi Matika akauvuta ungo wake. "Maharage nitamalizia. Aende mmoja wenu, mmoja tu, na asipeleke neno lolote. Akamwulize anataka nini. Wengine kaeni hapa."

Walibishana kidogo kwa macho, kisha mmoja akainuka akatoka. Watano wakabaki jikoni na mikono yao mitupu, na hakuna aliyecheka tena. Mche wa wengi hufa kwa maji.