Zahanati Kumi na Nne Zisizo na Kosa

Wapendwa, aliyesinzia aguswe, maana mfano huu unamhusu jirani yake.

Kulikuwa na muuguzi mmoja wa zahanati, hodari wa kazi na hodari wa kuchana. Akikosea kwenye daftari la wagonjwa, anachana ukurasa na kuandika upya. Mkaguzi akija anasifia: daftari safi!

Basi wilaya ikaleta mfumo wa kompyuta, wenyewe wanauita blokcheni. Ukiandika habari za mgonjwa zahanati, palepale hospitali zote zinapata nakala, na kila mstari umefungwa kwa uliotangulia.

Asubuhi moja muuguzi akamwandikia mama mjamzito rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya kwa upasuaji. Kwa haraka hakumuuliza kitu, akaandika: "Hakuna dawa inayomdhuru." Gari la wagonjwa limeshaondoka, mkwe wa yule mama akasema, "Nesi, umewaambia habari ya penisilini? Mwaka juzi nusura imuue."

Muuguzi akapiga simu hospitalini, haikupokelewa. Akamkimbilia fundi wa kompyuta.

"Kaka, nifutie mstari huu!"

"Dada, haufutiki. Andika mwingine chini yake useme ulikosea, na jina lako."

"Na wa hospitali zote wataona?"

"Wote."

Wewe ungefanyaje, una kazi, una watoto shuleni? Yeye aliogopa sana, lakini akaandika: "Nilikosea. Sikumuuliza. Msimpe penisilini." Akaweka jina. Daktari kule hospitalini akausoma mstari huo sindano iko mkononi, akaiweka chini. Mama akajifungua salama.

Wiki iliyofuata mganga mkuu wa wilaya akawaita wauguzi wote. Yule dada akaenda na barua ya kuacha kazi mkobani.

"Tangu mfumo uanze," mganga mkuu akasema, "zahanati moja imekiri kosa. Kumi na nne hazina kosa hata moja."

Wale wa zahanati kumi na nne wakaanza kutabasamu.

"Kesho naanza ukaguzi kwa hizo kumi na nne."

Mnacheka? Hizo kumi na nne ni sisi! Tunakuja hapa na kurasa safi, tunamwomba Mungu atufutie, na huko nje kuna mtu anaumizwa na neno tulilosema juu yake, wala hatujalisahihisha. Mungu husamehe, naam. Lakini nani atamwambia yule mtu? Inatosha, hatuchani tena! Leo, kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja wetu amtafute mtu wake, amtazame usoni, amwambie, "Nilikosea." Na asiongeze "lakini".