Sakafu Mbichi ya Mvule

Sogeeni, mwenye masikio ayatege. Palikuwa na msichana, Mbeyu, na mama yake mgonjwa. Mama alitamani kukanyaga sakafu ya mbao kabla hajafa, maana udongo ulimtia baridi miguuni. Mbeyu akaangusha mvule apasue mbao, na ndani yake mlikaa zimwi.

“Anika mbao misimu mitatu,” likasema. “Ukizipigilia mbichi zitaachana, nami nitatokea ufani nimchukue mwenye nyumba.”

Mbeyu akaanika siku moja, mama akakohoa. Akaanika siku ya pili, mama akaacha kula. Siku ya tatu akashika nyundo, akapigilia.

“Zina joto, mwanangu!” Mama akacheka, akatembea hatua tatu. Kesho yake akafa. Mbeyu hakulia, alifagia tu.

Mbao zikakauka, zikaachana, zimwi likachomoza.

“Nimemfuata mama yako.”

“Umechelewa, babu.”

“Basi mwenye nyumba sasa ni wewe.”

“Haya. Ila futa miguu kwanza. Mama alikanyaga hatua tatu tu.”

Zimwi likaitazama sakafu, likafuta miguu, kisha likarudi ufani bila kumchukua. Mbeyu akaendelea kufagia. Nami nimeishia hapo mlangoni.