Gari Lililopanda Mlima Kinyumenyume

Mwenye kuunda kidogo, kikubwa humtii. Niliwaona mkitazamana seremala wetu alipoitamka methali hiyo hapa barazani, kama watu walioulizwa jina la babu yake jogoo. Haya, sogeeni niwape asili yake. Atakayeniita mwongo, kahawa yake nainywa mimi.

Mambo yalianzia huku huku kwetu milimani, mjini Kwemzingo, zamani gari lilipokuwa moja tu. Lilikuwa jeusi, kuukuu, la kuwashwa kwa hendeli, taa zake zimetokeza kama macho ya chura. Mwenyewe alikuwa Bwana Shemhilu, na kila bibi harusi aliyeolewa mtaa wa juu alipandishwa humo. Ila gari lile lilikuwa na jambo lake: mlima lilipanda kinyumenyume. Likielekezwa uso, lilikohoa katikati ya njia likazimika. Likigeuzwa, lilipanda mpaka kileleni bila kinyongo.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Watu walisema ni adabu, kwamba gari haliwezi kumwondoa binti kwao huku likiwapa wazazi wake kisogo. Miaka ishirini na saba maharusi walipanda hivyo, vichwa vikiwayumba, mpaka mmoja akafika juu akamtapikia mama mkwe viatuni. Hata hilo likageuka mila: mama wakwe wakaanza kuja harusini pekupeku.

Ikafika zamu ya Mwanaidi, binti wa Kaoneka, fundi bati wa vibatari na makarai.

"Baba," akasema, "mimi naolewa, sifukuzwi. Njia ninayoiendea nataka niione kwa macho. Gari likigeuzwa tu, nashuka, nafika kwa miguu."

Bibi harusi afike kwa miguu! Aibu hiyo ingesimuliwa hadi kwa vitukuu. Kaoneka akamfuata Shemhilu kwenye baraza ya kahawa, akamwomba afunue boneti, atafute ugonjwa wa gari.

"Fundi wa vibatari aguse gari langu?" Shemhilu akapaza sauti ili wote wasikie. "Bwana Kaoneka, unda kwanza la kwako. Siku litakapopanda mlima huu kwa uso, hendeli nakukabidhi, ulifungue utakavyo."

"Na kupima?"

"Kupima ruksa. Kugusa haramu."

Basi kila Ijumaa gari lilipooshwa, Kaoneka alikuja na uzi wake wa mafundo. Kila shubiri ya gari kubwa akaifanya vidole viwili kwenye dogo. Bodi aliikata katika debe la mafuta ya taa. Magurudumu yalikuwa ya mninga, yamevishwa raba za kandambili. Silinda aliitoa kwenye pampu ya baiskeli, na gia alizichonga kwa tupa, jino baada ya jino, hata mkewe akadai usiku mumewe anakereza kwa meno yake mwenyewe. Tangi aliliweka chini ya kiti, palepale lilipokuwa kwenye lile kubwa. Kitu kimoja tu kilimshinda: mrija mwembamba wa shaba wa kupitisha petroli. Nesi wa zahanati akamhurumia, akampa mrija wa dripu.

Zikiwa zimebaki siku sita kabla ya harusi, Kaoneka akaliweka gari lake barabarani, asubuhi, mji mzima ukitazama. Akazungusha hendeli yenye ukubwa wa msumari. Tu-tu-tu-tu! Likaunguruma. Akalifuata kwa fimbo akiliongoza. Lilipofika katikati ya mlima, likakohoa. Likazimika.

"Mtoto kafuata mama!" Shemhilu akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Ligeuze, bwana, ligeuze!"

Kaoneka akaligeuza. Likapanda kinyumenyume, mbio kama kondoo aliyeona chumvi. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kumbe hata gari la debe lina adabu.

Lakini gari kubwa nani angeweza kulinyanyua? Hili dogo Kaoneka alilibeba mikononi. Akaliinua pua juu, kama linapanda, akautazama ule mrija wa dripu. Petroli ikaonekana inarudi nyuma, inateremka tangini. Akaliinamisha pua chini. Petroli ikakimbilia kwenye injini.

Akarudia hivyo mara tatu. Kisha akapiga ukelele uliowashtua kuku wa mitaa miwili.

"Halina adabu! Lina kiu!"

"Nini?" Shemhilu akauliza.

"Tangi liko nyuma, bwana. Likipanda kwa uso, injini inakuwa juu ya tangi. Wewe umeona wapi maji yakipanda mlima kwenda kumtafuta mwenye kiu?"

Akaketi palepale barabarani na kibano chake, akalitoa tangi chini ya kiti, akalifunga mbele ya kioo, juu kuliko injini. Akawasha. Gari likapita pale lilipozimikia, likapita kona ya pili, likafika kileleni uso mbele, na mbuzi wa njiani wakalipisha.

Shemhilu hakucheka tena. Aliteremka mpaka kwake, akarudi na hendeli, akaikabidhi kwa mikono miwili. Nayo kazi iliyobaki ilikuwa ya kulitengenezea gari kubwa tangi jipya la bati, la kukaa mbele ya kioo, na kulichomea lisivuje. Sasa niambieni, nani Kwemzingo nzima aliyeijua kazi hiyo kumshinda fundi wa vibatari?

Siku ya harusi, ukoo wa bwana harusi ulijipanga kileleni kuipokea nyuma ya gari. Wakashtukia macho ya chura yanawajia. Ndani yake Mwanaidi kakaa wima, shela limetulia, anawatazama mmoja mmoja na kutabasamu. Vigelegele vilivyopigwa, watu wa bonde la pili walidhani wao ndio wanaoitwa, wakaja na sahani zao.

Mama mkwe akakimbia nyumbani kuvaa viatu.

Shemhilu akazima injini, akashuka, akamshika Kaoneka mkono mbele ya wote. "Miaka ishirini na saba nimelimiliki, na sikulijua," akasema. "Wewe umeliunda la debe, na hili langu limekusikia. Jamani, tusidanganyane: mwenye kuunda kidogo, kikubwa humtii."