Firigisi ya Bi. Nyamizi

Hapo zamani, si zamani za fisi na sungura bali zamani za juzi, watu walipokwisha kuanza kutibiwa kwa kadi ya bima, aliishi Tabora mwalimu mstaafu aitwaye Bi. Nyamizi. Miguu ilianza kumfa ganzi. Alidondosha ndala njiani asijue. Alikanyaga kaa la moto asijue. Daktari Mwombeki akampima magoti, akasema, "Tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Apigwe picha ya MRI upesi, la sivyo hatatembea tena."

Bima ikajibu kwa mstari mmoja: Kipimo hakijaidhinishwa.

Binti yake, Kabula, akaenda ofisi ya bima. Dirishani alikuwa Tausi, ambaye ndiye aliyegonga muhuri wa kukataa.

"Dada, mmekataa kwa nini?"

"Utaratibu haunilazimu kukwambia."

"Haya. Nimekuja na chapati zangu, nitakaa hapahapa."

Tausi akacheka, akafungua faili, akamgeuzia. Mara nne Bi. Nyamizi alikwenda kwa daktari. Mara nne iliandikwa juu ya ukurasa: Mgonjwa anaendelea vizuri. Ombi la kipimo lilikuwa chini, na bima ilikuwa imesoma juu tu.

Kabula akaelewa papo hapo, maana mara zote nne alikuwapo. Kila mara daktari aliuliza, "Shikamoo mwalimu, unaendeleaje?" Kila mara mama alijibu kama alivyolelewa: "Marahaba baba, naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Daktari akaandika. Kabula akanyamaza, kwani mtoto hamkosoi mzazi mbele ya watu.

Siku za kukata rufaa zilikuwa saba tu. Kabula akampelekea daktari daftari lake. Humo, tangu ganzi ianze, Kabula alikuwa ameandika kila mama alipoanguka: mara kumi na tisa, tarehe, saa, mguu upi. Daktari akashika kichwa. Kisha akaiandikia bima: "Niliandika salamu nikaiita hali ya mgonjwa. Kosa ni langu."

"Unajitia kitanzi mwenyewe!" wenzake wakamwambia. Akatia sahihi.

Siku ya saba Bi. Nyamizi akabebwa kwa kiti hadi mbele ya kamati ya rufaa. Mwenyekiti, mtu mwenye adabu zake, akaanza: "Shikamoo mama, unaendeleaje?"

Kabula akauma kucha.

Bi. Nyamizi akafungua mdomo, akaufunga. "Marahaba," akasema. "Mimi ni mgonjwa, baba. Miaka sitini na nane sijawahi kumjibu mtu hivyo. Miguu yangu siisikii. Naogopa."

Muhuri ukagongwa palepale: Kimeidhinishwa!

Picha ikaonyesha uvimbe mdogo kama punje ya karanga, umekandamiza uti wa mgongo. Ukatolewa. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji Bi. Nyamizi akatoka nje kwa miguu yake, akamkimbiza jogoo uani, akamkamata mwenyewe! Majirani wakapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili.

Jogoo akapikwa, wageni wakaitwa. Na mnajua nyote: jogoo ana firigisi moja, nayo hupewa mtu wa heshima kuliko wote.

"Iletwe huku," akasema Tausi. "Nisingefungua faili, mngekata rufaa gizani."

"Wewe uliyetukatalia?" akasema daktari. "Mimi niliweka jina langu rehani."

"Na nani aliandika 'vizuri' mara nne?" Kabula akadakia. "Bila daftari langu ungekumbuka nini?"

"Daftari lilisema, mwenyewe ulikuwa bubu!" Tausi akamchoma. "Mara nne unatazama dari tu."

"Nyote mlisemea karatasini," akasema Bi. Nyamizi. "Mimi nilisema kwa kinywa changu, mbele ya watu wazima, na aibu yangu yote. Kwa nini nisijilie mwenyewe?"

Hapo Kabula, kwa mara ya kwanza maishani, akamkosoa mama yake mbele ya wageni: "Lakini mama, hiyo 'vizuri' ilitoka kinywani mwa nani?"

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi amesimama pale, sahani mkononi, firigisi inapoa. Miguu haimlegei, anaweza kusimama hivyo hadi mtakapokubaliana. Je, ninyi mliosikia yote, ampe nani?