Nyenje wa Gegoni na Maiti Aliyependa Sifa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mdomo.

Mkubwa?

Ungeanika mpunga humo, na kuku wasiufikie.

Na ndani ya mdomo?

Meno, ulimi, na mpangaji.

Mpangaji analala wapi?

Nyuma ya gego. Haya, sasa nyamazeni. Na wewe unayemenya karanga huku unazila, ukizimaliza ngano yangu nitaimalizia moyoni.

Basi. Kando ya Mto Kivumo, ndani ya matete, alizaliwa Nyenje mmoja wa kike. Alizaliwa siku ya mvua, mama yake akamwita Mwanamvua. Alikuwa mdogo jamani, punje ya mtama kwake ni mzigo wa watu wawili. Lakini sauti aliyopewa haikulingana na mwili. Akiimba kwenye matete, ng'ambo ya pili watu waliacha kuchota maji. Chwiri, chwiri, chwiriri. Mitungi ikajaa, ikafurika, wenyewe wamesimama tu.

Sauti waliisikia wote, mwimbaji hakuna aliyemwona. Tembo akauliza, nani huyo? Akageuka huku, hakuona mtu. Swala akauliza, nani huyo? Akageuka kule, hakuona mtu. Siku moja Pundamilia alinogewa na wimbo, akacheza kwa kwato zote nne. Puu! Kwato ikatua pembeni kabisa mwa Nyenje, bado kidogo awe unga. Nyenje akajiuliza kama ndiyo atakufa kwa kupendwa.

Mtoni humohumo kulikuwa na Kiboko. Kiwanja cha ngoma kilikuwa chake. Ngoma zote tatu zilikuwa zake. Hata jiwe la kukalia wageni alisema ni lake, ingawa mawe hayana mwenyewe. Kitu kimoja hakuwa nacho, nacho ni sauti. Akifungua mdomo aimbe, inatoka Hoo. Hoo. Kama mtu anaburuta kinu uani. Wageni walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni, wanaondoka mmoja mmoja.

Hapa nawapa jambo la kuweka mfukoni, nitalihitaji mbele. Ukoo wa Viboko na ukoo wa Nyenje ni watani. Babu zao waligombania matete, wakapigana, wakachoka, wakapatana. Tangu siku hiyo Nyenje akimtania Kiboko hakuna kununa, na Kiboko akimtania Nyenje hakuna kununa. Mmeweka? Haya, twende.

Kiboko akamfuata Nyenje mateteni, akaongea kwa upole ambao haukuwa wake. "Mtani wangu, utakanyagwa bure. Njoo ukae mdomoni mwangu. Mimi nitafungua mdomo, wewe utaimba. Jina nusu kwa nusu, tunzo nusu kwa nusu."

Nyenje akaikumbuka ile kwato. Akaingia.

Kuanzia hapo nchi nzima ikapagawa. Kiboko alisimama kiwanjani, akafungua mdomo, wee, mdomo! Nyenje akaimba nyuma ya gego:

Mvua imenyesha, chwiri,
Nyasi zimeota, chwiri,
Na aliyenyesha, chwiri,
Mbona hatajwi, chwiri?

Watu wakaitikia chwiri mpaka makoo yakakauka. Nanyi mnajua desturi: mtu akiguswa na wimbo hakai, anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji. Tembo alikuja anacheza, akatunza boga. Nyani akaja anacheza, akatunza miwa. Swala akaja anacheza, akatunza matikiti mawili. Kiboko akala boga, akala miwa, akala matikiti na maganda yake. Nyenje alipata kilichokwama katikati ya meno. Nusu kwa nusu ile.

Na jina? Jina walilotaja watu lilikuwa Kiboko, Bingwa wa Sauti Nyororo. Nyenje alipouliza habari ya nusu yake, Kiboko alimjibu kwamba jina si boga, halikatwi vipande. Alipouliza mara ya pili, Kiboko alifunga mdomo. Alianza tu kutafuna, taratibu, na hakuwa na chochote cha kutafuna. Nyenje akaelewa. Akawa anaimba, analala, anaimba, na mdomo haukufunguliwa ila wakati wa ngoma.

Kumbe siku moja mama yake Nyenje alikuja ngomani. Alikaa nyuma kabisa, kwenye jani. Nyenje akamwona kupitia katikati ya meno mawili. Kabla hajaita, Kiboko akafunga mdomo, kap. Giza. Ndani ya giza lile Nyenje akamsikia mama yake anaongea na jirani yake, Bata.

"Huyu bwana anaimba kama mwanangu Mwanamvua," mama akasema. "Nadhani alikanyagwa. Sikupata hata bawa la kuzika."

Kiboko akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole, mama," akasema bila kufungua meno.

Nyenje alilia. Sifichi, alilia mpaka gego likalowa. Njaa aliivumilia, giza alilivumilia, lakini mama kumlilia mtoto ambaye yuko kiwanja kimoja naye, hilo lilimshinda. Tangu hapo hakutaka boga wala miwa. Alitaka jambo moja, mama yake ajue kwamba yu hai na sauti ile ni yake.

Sasa, Korongo alikuwa mshereheshaji wa kiwanja, naye alichoshwa na ngoma tupu. Akaanzisha maigizo. Kiboko hakukubali kupitwa. Lilipoletwa igizo la harusi, Korongo akauliza, nani bwana harusi? Mimi, akasema Kiboko. Nani bibi harusi? Mimi. Nani shangazi wa bibi harusi? Mimi, na chakula cha shangazi nileteeni mapema. Lilipoletwa igizo la vita, mfalme alikuwa Kiboko, adui alikuwa Kiboko, vita vikaisha Kiboko amejishinda, watu wakapiga makofi.

Nyenje akaona mlango. Akasogea karibu na sikio, kwa ndani.

"Mtani, mfalme hupigiwa makofi. Bibi harusi hupigiwa vigelegele. Lakini nani huliliwa na mji mzima?"

Kiboko akafikiri. "Maiti."

"Na nani husifiwa hata na waliomchukia?"

"Maiti."

"Na chakula chote cha msibani kinapikwa kwa ajili ya nani?"

"Maiti," akasema Kiboko, na mate yakamjaa ghafla, ikabidi Nyenje ashike jino asichukuliwe na maji.

Asubuhi Kiboko akamwamuru Korongo aandae igizo la msiba. Nani mjane? Safari hii akasema, yeyote tu. Nani maiti? Mimi.

Nyenje akaongeza neno. Alimkumbusha kwamba maiti wa heshima hufungwa taya kwa kitambaa, na asipofungwa watu watasema hajui kuigiza. Tena yeye akibaki humo ndani atamtekenya ulimi, maiti acheke, aibu gani hiyo. Kiboko akauliza wimbo ataimba nani. Nyenje akamjibu kwamba maiti haimbi, na siku hiyo ndipo watu watakapojua ilivyo kuikosa sauti yake. Kiboko akaona maneno yana akili. Akafungua mdomo, akamtema Nyenje juu ya tete, akamwonya asiende mbali. Halafu akawageukia waliokuja na kitambaa.

"Kazeni," akasema. "Kazeni tena. Sitaki watu waseme nilikufa nusu."

Wakakaza mpaka masikio yakasimama.

Ikafika alasiri ya igizo. Mikeka saba iliunganishwa, Kiboko akalazwa. Korongo akatangaza sheria moja tu: maiti akitikisika, anazomewa, na hakanyagi tena kiwanja hiki maishani. Kiboko akafumba macho, akafa vizuri sana.

Bata ndiye aliyekuwa mjane. Alilia kwa-kwa-kwa mpaka akashikwa na kwikwi. Tembo akasimama, akasema marehemu alikuwa mkarimu. Nyani akasimama, akasema marehemu alikula kidogo kama ndege. Pundamilia akasimama, akasema marehemu hakuwahi kusema hili ni langu. Marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo watu walisema uongo kwa adabu zote. Kiboko alilala pale, raha imemjaa mpaka kwenye kucha.

Halafu Korongo akasema jambo ambalo husemwa katika kila msiba wa kwetu. "Mwili hauondoki bila watani. Watani wa marehemu wapo?"

Toeni sasa kile mlichoweka mfukoni.

Kiboko alikuwa ameufikiria msiba wote. Alifikiria kilio, alifikiria sifa, chakula alikifikiria mara nne. Watani hakuwafikiria. Mtu akishakuwa mkubwa sana husahau kwamba ana watani.

"Nipo," ikasema sauti ndogo. Nyenje akaruka kutoka kwenye tete, tii, akatua juu ya pua ya maiti. "Mimi mjukuu wa Nyenje waliogombania matete na babu zake huyu. Nimekuja kumcheka kabla hajaoza."

Watu wakasogea. Wengi ndiyo kwanza wanamwona. Nyenje akajaza mashavu hewa, akatembea juu ya pua ile, tundu hadi tundu, kwa mwendo wa Kiboko kabisa, makalio huku, makalio kule. "Mimi ni Kiboko. Nileteeni boga. Hili dogo, nileteeni shamba lake. Mimi ni Kiboko. Nani alileta mvua? Mimi. Nani alilowa? Nyinyi."

Kiwanja kikaanguka kwa kicheko. Nyani alishika tumbo. Hata mjane alicheka, akakumbuka, akarudi kulia. Na Kiboko? Maiti hatikisiki, na mtani hakasirikiwi. Akalala tu, jasho linamtoka.

Nyenje akakaa chini, akakunja miguu. "Sasa nasema hivi, hazikwi mtu hapa. Marehemu anaondoka na kitu changu."

"Kitu gani, mtani?" Korongo akauliza.

Nyenje hakujibu kwa maneno. Aliimba.

Mvua imenyesha, chwiri,
Nyasi zimeota, chwiri,
Na aliyenyesha, chwiri,
Mbona hatajwi, chwiri?

Hakuna aliyeitikia. Walimtazama Nyenje. Wakautazama mdomo wa Kiboko, umefungwa kwa kitambaa, umekazwa na kukazwa tena. Wakamtazama Nyenje. Sauti ilikuwa ileile waliyoichezea, waliyoitunza maboga, na mdomo wenyewe umefungwa.

Kule nyuma, kwenye jani, mama akainuka.

"Mwanamvua," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama anamwita mtoto arudi ndani kula.

"Nipo, mama," akajibu Nyenje, na sauti yake ile kubwa ikawa ndogo kabisa. "Sikukanyagwa. Nilikuwa humu."

Jamani, hapo kilio kilichosikika hakikuwa cha kuigiza. 

Korongo alijua mila. Akakohoa, akasema mtani akidai msibani hanyimwi, na akishapewa hakirudi. Akawauliza wafiwa wanasemaje. Bata akameza kwikwi. "Apewe sauti yake na jina lake," akasema. "Marehemu mwenyewe angekuwa hai, angetoa kwa mikono miwili."

Marehemu mwenyewe hakuweza kuvumilia. Kutoka nyuma ya kitambaa kikatoka kitu, kizito, cha chini. Hoo. Hoo. Watu wakaisikia sauti ya Kiboko mwenyewe ya kuimba, waliyoisahau kwa miaka. Tembo akakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni.

"Marehemu ameguna," Korongo akatangaza. "Ameridhika."

Chozi moja kubwa likamtoka Kiboko, likateleza mpaka mkekani, na watu wakapiga makofi kwa maiti anayejua kulia. Chakula kilipoiva wakakumbuka kwamba maiti amefungwa taya, na mila ni mila. Wakala wenyewe.

Tangu hapo ngoma ikiitwa, anaitwa Mwanamvua. Huimbia juu ya kichwa cha Kiboko, maana ni mahali pekee ambapo hakuna wa kumkanyaga, na mama yake hukaa sikioni. Tunzo zikija, anakula kwanza, halafu anamwachia Kiboko maganda. Kiboko naye ana jina lake. Hakuna igizo la msiba bila yeye, na mpaka leo hajatokea wa kumshinda kwa kulala. Ila siku za jua kali, mkipita mtoni, mtamwona anafungua mdomo wote, wee, mdomo, halafu anaufunga tena bila kutoa kitu. Anaangalia kama mpangaji amerudi.

Ngano yangu naitua hapa, imenichosha bega. Aliyeipenda aende nayo kwao. Aliyeichukia aiache mlangoni, kuku wataidonoa.

Mnataka na funzo? Funzo lipo. Ukiwa mdogo, mtii mkubwa wako. Kaa kimya nyuma ya gego, usidai jina, usidai boga. Wakubwa wana huruma, haki yako watakupa wenyewe bila kuombwa.

Ila wafungeni taya kwanza.