Korongo Waliporudi Miomboni

Kulikuwa na mfuga nyuki mmoja, mtu mzima, akiishi pembeni mwa msitu wa miombo. Wafuga nyuki wa kule wana desturi yao. Mvua za kwanza zikinyesha, maua ya porini yakachomoza na korongo wakarudi kutoka huko waendako, shoka linawekwa darini. Moto hauwashwi msituni, na hata wakipita njiani wanachagua pa kukanyaga. Wanasema wageni wamefika, waacheni watulie kwanza.

Mzee wetu aliupenda msimu huo kupita kiasi. Korongo wa kwanza akitua, yeye anavua kofia. Mnacheka? Anavua kabisa, anasimama nayo kifuani.

Mwaka mmoja, wiki hiyohiyo ya korongo, akatokea binti yake. Alikuwa ametoroka nyumbani miaka sita iliyopita bila kuaga. Sasa amekonda, mtoto mgongoni, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Mzee alifurahi, tusimsingizie. Lakini aibu ya miaka sita ikamtangulia mdomoni.

"Ulikuwa wapi?" akauliza. "Na baba wa huyu ni nani?"

Mzee akamwambia akae palepale nje, asiingie ndani mpaka baba zake wadogo waje wamhoji. Akaenda kuwaita.

Aliporudi nao, hakumkuta. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu kwa kulia.

"Ameondoka," mama akasema. "Ameniambia, 'Mama, korongo baba anawavulia kofia, wala hawaulizi walikolala. Mimi nimedaiwa maelezo kabla ya kupewa maji.'"

Mzee alikimbia, wapendwa, na umri ule! Akakata katikati ya yale maua, akayakanyaga asiyaone, mpaka barabarani.

Alimkuta? Ndiyo, alimkuta, kwa kuwa basi lilikuwa limechelewa. Akambeba mjukuu, wakarudi nyumbani pamoja.

Sasa na sisi. Kuna mtu ameingia humu leo baada ya miezi mingi. Nimewaona mlivyogeuka, na viwiko mlivyopigana. Wengine swali mnalo tayari ulimini. Limezeni. Ibada ikiisha msogeleeni, mpeni mkono, muulizeni kama amekula. Yule mzee alisaidiwa na basi kuchelewa. Sisi je, tuna hakika la leo halitawahi?