Bi Siwatu na Nguvu ya Kuinuka

Paukwa!

Pakawa!

Wengine mmejibu kwa nusu mdomo. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mko nami. Ilikuwa zamani, zamani ile ambayo hata aliyenisimulia mimi alisimuliwa tu. Palikuwa na kijiji, na kijijini humo aliishi mama mmoja akiitwa Bi Siwatu. Kazi yake kuunga mifupa. Aliyeteleza, kwa Bi Siwatu. Aliyeanguka mnazini, kwa Bi Siwatu. Alipapasa, akavuta, ko! Mfupa ukarudi mahali pake. Akafunga vijiti na vitambaa, akasema, "Nenda. Mwezi ukiandama mara mbili, rudi nikufungue."

Bi Siwatu alikuwa na binti mmoja, Mishi, mjane, aliyeishi naye nyumba moja. Nami leo nawasimulia hofu ya Mishi.

Hofu hiyo ilianza alipokufa jirani yao, Mzee Ndoro. Mzee Ndoro aliteleza ndani ya nyumba yake asubuhi, watu wote wakiwa mashambani. Hakuvunjika. Hakutoka hata tone la damu. Ila hakuweza kuinuka. Akalala pale sakafuni, jua likapanda, jua likashuka. Alipokutwa jioni alikuwa akitetemeka, sauti imemkauka kwa kuita. Siku ya tano akazikwa.

"Ameuawa na kuanguka," watu walisema.

Bi Siwatu akatikisa kichwa. "Ameuawa na kushindwa kuinuka."

Maneno hayo yakamwingia Mishi, yasitoke. Akaanza kumtazama mama yake. Akaona kwamba Mama akitaka kusimama, anashika ukuta. Akaona mtungi, ambao zamani Mama alijitwika bila kuomba msaada, sasa anauburuta. Na siku aliyomsugua mgongo akaona mapaja. Lo! Yamepungua, ngozi imelegea. Mishi akageuza uso machozi yasionekane.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Bi Siwatu akataka kuondoka kwenye kigoda. Akajivuta, hii! Akajivuta tena, hii! Miguu ikakataa. Puu! Akakaa chini kwa kishindo.

Hakuumia. Lakini Mishi aliumia moyo.

"Mama, kuanzia leo wewe ni wa kukaa tu. Hakuna kuni, hakuna maji, hakuna ufagio. Nipo mimi."

Akafanya kweli. Maji, Mishi. Kuni, Mishi. Mama akinyoosha mkono kuchukua kata ya maji, Mishi ameshaichukua. Na kwa kuwa meno ya Mama yalikuwa machache, akampikia uji. Asubuhi uji. Mchana uji. Jioni uji. Majirani wakamsifu. "Mishi anajua kutunza mzazi!"

Bi Siwatu akatoka kitandani kwenda mkekani. Akatoka mkekani kwenda kitandani. Kitandani, mkekani. Mkekani, kitandani. Kadiri alivyopumzishwa ndivyo alivyochoka. Kadiri alivyochoka ndivyo Mishi alivyoogopa. Na kadiri Mishi alivyoogopa, ndivyo alivyozidi kumpumzisha.

Basi siku moja akaja mwanamke mfinyanzi, aliyekuwa amefungwa mguu. Mwezi ulikuwa umeandama mara mbili. Bi Siwatu akafungua vitambaa pale pale mkekani, Mishi akipokea vijiti. Cha mwisho kilipotoka, Mishi akashtuka. Mguu mmoja wa yule mfinyanzi ulikuwa mnene, umejaa. Huu uliofunguliwa ulikuwa mwembamba kama mwiko.

"Mama, mguu umeoza?"

"Haukuoza. Mfupa umepona vizuri. Nyama ndiyo imeondoka kwa kukosa kazi. Atatembea, atakula, itarudi."

Mfinyanzi akashukuru, akaenda zake akichechemea. Bi Siwatu akabaki anaitazama miguu yake mwenyewe. Akaitazama sana. Kisha akauliza kwa upole, "Mishi mwanangu, mimi nani alinifunga vijiti?"

Mishi akaviweka vijiti chini. Alielewa, na kuelewa kule kulimtia hofu mpya.

"Nataka kunde," akasema Bi Siwatu. "Ziponde, meno yangu yataziweza. Nataka samaki, nataka mayai. Uji nimeukinai. Na nataka kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, kila siku."

"Na ukianguka?"

"Huenda nikaanguka."

"Na ukivunjika?"

"Huenda nikavunjika. Lakini nikikaa hivi nitafika alipofika Ndoro. Hilo sina shaka nalo."

"Mama, mimi sitaki! Sitaki kukukuta sakafuni!" Mishi akalia.

Bi Siwatu akamwacha alie mpaka akanyamaza. Kunde akapikiwa. Ruhusa ya kusimama hakupewa.

Mishi akawa anakwenda shamba, moyo umebaki nyumbani. Akilima, anasikia kishindo. Akipanda, anasikia jina lake. Mara anatupa jembe anakimbia, tipu tipu tipu, anamkuta Mama amekaa kimya mkekani, jasho linamtoka. "Mbona jasho?" "Joto." Anarudi shamba. Anakimbia tena.

Mchana mmoja alipokaribia ua akasikia sauti ndani.

"Inuka... kaa. Inuka... kaa."

Akasimama, amekauka.

"Inuka... kaa. Inu..."

Puu!

Mishi akatupa kapu, akaingia. Mama yuko chali sakafuni. Akamrukia.

"Usinishike!"

"Mama!"

"Usinishike, nimesema. Ngoja kwanza."

Bi Siwatu akapeleka mikono yake, mikono ile iliyounga kijiji kizima, akajipapasa mwenyewe. Nyonga hii. Nyonga ile. Goti. Kifundo. "Hakuna kilichovunjika. Sasa kaa pale mlangoni uangalie. Siku nyingine hutakuwepo."

Mishi akakaa. Akauma upindo wa leso yake.

Bi Siwatu akageuka ubavu. Taratibu. Akageuka kifudifudi. Taratibu. Akasukuma kwa mikono, akapiga magoti, akatambaa mpaka kitandani. Akashika ubao wa kitanda. Akaweka mguu mmoja mbele. Hii! Akajivuta. Miguu ikatetemeka, ikamrudisha chini.

"Mama, nakuomba."

"Kaa."

Akajivuta tena. Akafika nusu. Akarudi chini. Akapumua kwa kishindo, hu, hu, hu, paji limegusa ubao. Mishi alimwona Mzee Ndoro pale sakafuni, waziwazi. Mikono ilimwasha, akaikalia.

Mara ya tatu. Hiii! Goti likanyooka. La pili likanyooka. Bi Siwatu akasimama, anatikisika mwili mzima, ameshika ubao kwa mikono miwili, machozi na jasho havijulikani kipi ni kipi.

"Umeona?" akasema. "Njoo sasa, nishike. Nimechoka."

Mishi akamkumbatia, wakalia wote.

Tangu siku hiyo Mishi alikaa mlangoni akihesabu. Mara tano. Baada ya siku kadhaa, mara nane. Kunde zikaliwa, samaki wakaliwa, mayai yakaliwa. Nguvu za zamani hazikurudi zote, msije mkadhani. Mtungi uliojaa hakuubeba tena, alibeba wa nusu, na fimbo mkononi. Akaanguka mara mbili nyingine, akainuka mara mbili. Akawaita wazee wenzake waje uani kwake, wakawa wanasimama na kukaa pamoja, wanagombana ni nani anayeiba hesabu. Akawafundisha pia kugeuka ubavu, kutambaa, na kutafuta pa kushika.

Akaishi miaka mingi. Alikufa kwa homa, kitandani mwake, binti yake kando.

Na Mishi? Miaka hiyo yote hofu haikumtoka hata siku moja. Kila alipokwenda shamba alikwenda nayo, na kila aliporudi aliharakisha njia. Lakini hakuipa tena kazi ya kumtunza mama yake.

Basi, wenzangu, mnaotunza wazazi: msiwanyang'anye kazi mkadhani mnawapa mapumziko. Nanyi wazee, kuleni kilicho na nguvu, na msiiache miguu ikasahau kazi yake. Kuanguka kutakuja. Jifunzeni kuinuka mapema.

Hadithi yangu imefika ukomo wake, nami nimekomea hapo.